Kila tonge na funda la maji: huenda mwanao hadeki, umio wake una mzio

Mtoto wa mdogo wangu ana miaka saba sasa. Wanaishi Kitete, hapa hapa Tabora, si mbali na hospitali ya rufaa ya mkoa. Mimi ni mama yake mkubwa, kwa hiyo ni mwanangu, na nimekula naye sinia moja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wazazi wake wamekubali niyaandike haya, ila jina lake libaki nyumbani.

Tangu akiwa na miaka mitatu alikuwa wa mwisho kunawa. Wenzake wanamaliza ugali na kukimbilia nje kucheza, yeye bado yupo mkekani na bakuli lake. Kila tonge dogo, funda la maji. Ugali anaulowesha kwenye mchuzi wa maharage mpaka unalainika kama uji. Nyama anaitafuna muda mrefu, kisha anaitoa kwa siri na kuificha chini ya sahani. Mkate mkavu haugusi mpaka auchovye kwenye chai.

Sisi wakubwa tulikuwa na majibu tayari. Shemeji yangu alisema mtoto anadeka. Mimi nilisema bibi yake amemzoesha vibaya. Kuna siku fimbo iliwekwa kando ya sahani ili amalize haraka. Bibi mwenyewe, ambaye amelea watoto tisa, alisema ni kimeo: kimerefuka, kinamkaba, apelekwe akakatwe.

Hatukumpeleka. Ningependa kusema ilikuwa busara yetu, lakini ukweli ni kwamba mkata kimeo alikuwa amesafiri.

Kisha ikaja siku ya sherehe. Pilau ililiwa, nyama ikagawiwa, na mtoto akanyamaza ghafla. Alikuwa anapumua, anazungumza, ila mate yalikuwa yanamtiririka mdomoni kwa sababu hayapiti. Aliweka kidole katikati ya kifua akasema, "Kimesimama hapa." Mtu mmoja alikuwa ameshafinyanga tonge kavu la kumsukumia. Baba yake akambeba, wakaenda hospitali.

Kipande kile kilishuka chenyewe kabla ya kuguswa na mtu. Lakini daktari aliyempokea aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza, wala sisi hatukuwahi kujiuliza: "Siku za kawaida, huyu mtoto hula vipi?"

Mdogo wangu alipoanza kueleza, ndipo yeye mwenyewe aliposikia anachosema. Swali hilo ndilo lililotufikisha kwenye barua ya rufaa, basi la Mwanza, na jina la ugonjwa ambao hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuusikia: kuvimba kwa umio kunakosababishwa na mzio.

MZIO WA HARAKA NA MZIO WA POLEPOLE

Wengi wetu tukisikia mzio, au aleji kama tunavyoiita mtaani, tunafikiria mtu aliyekula kitu akavimba midomo, akatoka vipele vya kuwasha, akaanza kupumua kwa shida. Huo upo, na ni wa hatari. Huja haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache mpaka saa mbili baada ya kula. Kwa sababu huja haraka, mzazi hupata jibu: alikula yai, akavimba.

Mzio wa umio hauna haraka hiyo. Mtoto anaweza kunywa maziwa leo asivimbe, asitoke kipele, asikohoe. Kinachotokea hutokea ndani, taratibu, kwa siku na wiki. Ndiyo maana mzazi hauoni uhusiano kati ya kikombe cha asubuhi na nyama inayokwama mwezi ujao.

Umio ni bomba laini linalopitisha chakula kutoka kooni, nyuma ya njia ya hewa, kupita kifuani hadi tumboni. Katika umio wenye afya hakuna kabisa zile seli nyeupe za damu zinazoitwa eosinofili. Kazi ya seli hizo mwilini ni pamoja na kupambana na minyoo, na pia zinahusika sana katika mzio. Kwa baadhi ya watu, mwili hukosea na kuiona protini ya chakula cha kawaida kama adui. Eosinofili hukusanyika kwenye ukuta wa umio na kuuvimbisha. Ukiachwa hivyo miaka mingi, ukuta hujenga makovu, hukakamaa na njia huwa nyembamba.

Kwa madaktari pia ugonjwa huu si wa zamani. Ulielezwa kama ugonjwa unaojitegemea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1993 Stephen Attwood na wenzake walichapisha taarifa za watu wazima 12 waliokuwa na shida ya kumeza na umio uliojaa eosinofili. Mwaka uliofuata Alex Straumann na wenzake nchini Uswisi wakaeleza wagonjwa wengine 10. Kabla ya hapo, wengi wenye hali hiyo walihesabiwa kuwa na kiungulia tu.

Ushahidi kwamba chakula ndicho kinachochochea ulikuja mwaka 1995, huko Baltimore, Marekani. Watoto 10 waliokuwa wametibiwa kiungulia bila kupona, wengine mpaka kwa upasuaji, waliondolewa vyakula vyote vyenye protini ya kawaida na kupewa maziwa maalumu ya kitabibu ambayo protini yake imevunjwavunjwa hadi mwisho. Wanane dalili ziliisha na wawili walipata nafuu. Waliporudishiwa vyakula, dalili zikarudi.

ANGALIA ANAVYOKULA, SI KIASI ANACHOKULA

Hapa ndipo wazazi wengi tunapopitwa. Dalili hubadilika kwa umri, na mtoto hujifunza kuzificha bila kujua kuwa anazificha.

Mtoto mchanga na mdogo hukataa kula, hutapika mara kwa mara, hulia anapolishwa, na uzito wake kwenye kadi ya kliniki huacha kupanda. Mtoto wa shule hulalamika tumbo au kifua, hutapika mara kwa mara, na huchukua muda mrefu mezani. Kijana wa sekondari na mtu mzima husema chakula kinapita kwa shida au kinakwama, hasa nyama, mkate, wali mkavu na ugali mgumu.

Zaidi ya hayo kuna mbinu ambazo mtu huzizoea. Anakata matonge madogo sana. Anatafuna kuliko wenzake. Anakunywa maji kila baada ya tonge. Analowesha kila kitu kwenye mchuzi. Anakwepa nyama akisema haipendi. Kwenye sherehe anasema ameshiba. Mzazi anaona sahani imeisha, anadhani mambo ni sawa.

Ugonjwa huwapata zaidi wavulana kuliko wasichana. Hupenda pia kuandamana na ndugu zake: pumu, mafua ya mzio, mzio mwingine wa chakula, na ule ukurutu wa kuwasha ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Mwanangu huyu alikuwa na pumu ya ngozi tangu ana miezi minne, na kifua chake kilikuwa kikilia kila msimu wa baridi. Tulipaka mafuta, tukampa dawa ya kifua, na hatukuwahi kuviunganisha na sahani.

Hii haina maana kwamba kila mtoto mchaguzi wa chakula ni mgonjwa. Watoto wengi wa miaka miwili na mitatu huchagua chakula, na huo ni ukuaji. Cha kuangalia ni hiki: je, anachagua ladha, au anachagua kinachomezeka? Mtoto mchaguzi atakataa mchicha na kufakamia nyama ya kukaanga. Mtoto mwenye shida ya umio ataiacha nyama anayoitamani na kunywa mchuzi wake.

KIMEO HAKINA KOSA

Kwetu, mtoto asiyemeza vizuri, anayetapika au asiyekua husemwa haraka kuwa ana kimeo. Lazima tulizungumze hili kwa upendo lakini bila kuzunguka.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kila binadamu anacho, na kina kazi yake wakati wa kumeza na kuzungumza. Umio unaanzia chini yake na kuteremka kifuani. Hata kimeo kikikatwa chote, ugonjwa ulio kifuani haujaguswa. Kinachoongezeka ni hatari: kutoka damu nyingi, kidonda kuoza, pepopunda, na maambukizi kama wembe umetumika kwa mwingine. Hospitali zetu zimewahi kupokea watoto walioishiwa damu baada ya kukatwa kimeo, na wengine wamepoteza maisha.

Bibi yetu hakukosea kwa ubaya. Aliona kitu cha kweli: kwamba mtoto anakabwa, kwamba si kudeka. Kwa kweli alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi na fimbo yangu. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba tatizo liko chini zaidi. Mwambie hivyo bibi wa nyumbani kwako. Husaidia kuliko kubishana naye.

VIPIMO: KWA NINI DAMU PEKE YAKE HAITOSHI

Ugonjwa huu hauthibitishwi kwa kumtazama mtoto kooni wala kwa kipimo cha damu. Unahitaji endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka kwenye umio, mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi. Daktari anaweza kuona mistari, pete au madoa meupe ukutani mwa umio, lakini wakati mwingine ukuta huonekana wa kawaida kabisa. Kwa hiyo huchukua vinyama vidogo sana, kadhaa, kutoka sehemu tofauti, na kuvipeleka maabara. Zikihesabiwa eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja chini ya darubini, na dalili zipo, na sababu nyingine zimeondolewa, hapo ndipo jina la ugonjwa hutajwa.

Huduma hiyo inahitaji mtaalamu wa mpira na mtaalamu wa kusoma vinyama, na hupatikana katika hospitali kubwa kama Bugando mjini Mwanza, Benjamin Mkapa mjini Dodoma, KCMC mjini Moshi au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Mzazi wa Tabora huanzia kituo cha afya au Kitete, na barua ya rufaa humpeleka mbele. Kama una bima, uliza kabla ya safari kipi kinalipiwa.

Kuna jambo moja la kwetu la kuwa nalo makini. Kipimo cha damu kikisema eosinofili ziko juu, usikimbilie kusema ni mzio wa chakula. Minyoo na kichocho, ambavyo watoto wetu huvipata kwa kucheza peku na kuoga madimbwini, hupandisha seli hizo hizo. Daktari atapima choo na mkojo na kutibu kwanza kilichopo. Vivyo hivyo, kipimo cha kuchoma ngozi kwa sindano husaidia katika mzio wa haraka, lakini si mwongozo wa kuaminika wa kujua chakula gani kinavimbisha umio.

Kabla ya kwenda, fanya kazi moja isiyo na gharama. Chukua daftari la shule, na kwa wiki mbili andika kila siku: amekula nini, ametumia muda gani, amekunywa maji mara ngapi, kipi alikiacha, kipi kilikwama, alitapika saa ngapi. Ongeza kama ana pumu au pumu ya ngozi, na kama baba, mama au ndugu yeyote ana shida ya kumeza. Daftari hilo pamoja na kadi ya kliniki vinaweza kumfungua daktari macho kuliko maelezo ya nusu saa.

TIBA: DAWA, AU CHAKULA, AU VYOTE

Njia ya kwanza ni dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli. Husaidia sehemu kubwa ya wagonjwa, si wote. Kwa sababu hiyo kupona kwa omeprazoli hakumaanishi kwamba ilikuwa asidi tu, na kutopona hakumaanishi mtoto anajifanya.

Njia ya pili ni dawa za jamii ya steroidi zinazotulizwa kwenye umio wenyewe. Mara nyingi ni zile zile za pumu, ila hapa mgonjwa hapulizi na kuvuta. Hupulizia mdomoni akameza, kisha hukaa bila kula wala kunywa kwa takribani nusu saa. Hili hufanywa kwa maelekezo ya daktari tu. Usichukue kopo la pumu la jirani ukajaribu.

Pale umio uliposhanyauka kwa makovu, madaktari huweza kuupanua kwa vifaa maalumu. Na tangu mwaka 2022, Marekani imeidhinisha sindano iitwayo dupilumab kwa ugonjwa huu, kwanza kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na mwaka 2024 kwa watoto kuanzia mwaka mmoja. Bei yake bado ni ya mbali sana kwa familia za kawaida.

Njia ya tatu ni kuondoa chakula kinachochochea. Vyakula vinavyotuhumiwa zaidi duniani ni makundi sita: maziwa ya ng'ombe, ngano, mayai, soya, njugu za aina zote kuanzia karanga hadi korosho, na samaki pamoja na kamba na jamii zake. Zamani wengi walianza kwa kuondoa yote sita. Siku hizi madaktari wengi huanza na kimoja au viwili, kwa sababu maziwa ndiyo mshukiwa nambari moja. Utafiti uliofanywa Marekani kwa watu wazima 129 na kuchapishwa mwaka 2023 uliwalinganisha walioacha maziwa peke yake na walioacha makundi yote sita. Baada ya wiki sita umio ulitulia kwa asilimia 34 ya wa kundi la kwanza na asilimia 40 ya wa kundi la pili, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito.

Kwa mzazi maana yake ni hii: si lazima umnyang'anye mtoto meza nzima ili kuanza.

NDANI YA SUFURIA YA TABORA

Sasa tuje jikoni, maana ushauri wa hospitali hufa pale unaposhindwa kuingia kwenye sufuria.

Habari njema kwanza. Ugali wa mahindi, mtama au muhogo, wali, viazi vitamu, michembe na matobolwa, maharage, kuku, nyama, mlenda, mchicha na matunda yetu haviko kwenye yale makundi sita. Mtoto wa Kinyamwezi aliyeondolewa ngano na maziwa bado ana chakula cha mababu zake. Mwenzake wa Ulaya anayeishi kwa mkate na jibini ana kazi ngumu zaidi.

Sasa mitego. Wa kwanza ni maziwa yenyewe. Watu wengi wazima hapa kwetu hujaa gesi au kuharisha wakinywa maziwa mabichi au ya moto, lakini mtindi hauwasumbui. Hilo ni tumbo kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, wala si mzio. Mzio ni wa protini, na protini iko ndani ya mtindi vile vile. Kwa hiyo mtindi si mbadala. Maziwa ya mbuzi nayo si mbadala, kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Sisi tulipoteza wiki nzima tukimpa mtindi wa bibi kwa moyo safi, tukidhani tumeacha maziwa.

Mtego wa pili ni uji wa lishe. Ni chakula kizuri, na kimeokoa watoto wengi na utapiamlo. Lakini unga mmoja unaweza kuwa na mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano na hata dagaa ndani ya mfuko mmoja. Mtoto mwenye shida akiunywa, utajuaje mkosaji? Kwa mtoto wa aina hiyo, nunua nafaka zake, saga mwenyewe au pamoja na jirani, na uji uwe na vitu viwili au vitatu unavyovijua.

Mtego wa tatu ni vitafunwa: maandazi yaliyokandwa kwa maziwa na mayai, biskuti, mkate, kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Muulize anayepika. Shuleni zungumza na mwalimu na mpishi, na mwambie mtoto mwenyewe kwa maneno anayoyaelewa.

Halafu kuna jambo la msimu. Mji wetu una miembe mingi, urithi wa enzi za misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji, na maembe yakiiva watoto hutoka vipele kuzunguka midomo. Mara nyingi huo ni utomvu wa ganda na kikonyo unaochoma ngozi. Osha embe, limenye, mpe tena nyama yake bila ganda uone. Ikiwa midomo imevimba au anapumua kwa shida, hapo ni jambo jingine; usijaribu tena, nenda hospitali.

Onyo moja kubwa: usiondoe vyakula kwa kubahatisha. Mtoto aliyenyimwa maziwa, mayai, samaki na karanga kwa pamoja bila mpango anaweza kupona umio na kupata utapiamlo. Kuondoa kufanywe na daktari au afisa lishe, kwa muda uliopangwa, na uzito ukipimwa. Kisha chakula hurudishwa kimoja kimoja ili mkosaji ajulikane na wasio na hatia warudi mezani.

MTOTO MCHANGA ASINYIMWE KARANGA KWA HOFU

Mzazi mwenye mtoto mchanga akisoma haya anaweza kuogopa na kusema, basi wangu hali karanga wala mayai mpaka aanze shule. Hilo lingekuwa kosa.

Mwaka 2015 watafiti wa London wakiongozwa na Gideon Lack walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa kwa sababu ya pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai. Nusu walianza kula chakula chenye karanga kabla ya kufikisha miezi 11, nusu walikatazwa. Walipofika miaka mitano, waliokula mapema walikuwa na mzio wa karanga kwa kiwango kilichopungua kwa takribani asilimia 80 kulinganisha na waliokatazwa.

Kwa hiyo endelea na mwongozo wa kliniki: maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha vyakula vya aina mbalimbali. Ila anza kimoja kimoja, siku mbili tatu kila kimoja, mchana na si usiku. Karanga ziwe zimesagwa laini na kuchanganywa kwenye uji, kamwe zisiwe nzima, kwa kuwa humkaba mtoto. Kama mtoto ana pumu ya ngozi kali au ameshavimba kwa chakula fulani, zungumza na daktari kwanza.

IKITOKEA DHARURA

Chakula kikikwama lakini mtoto anapumua na kuongea, mtulize, mkalishe wima. Usimsukumie tonge kavu wala ndizi, usiingize kidole, usimlazimishe kutapika. Umio uliovimba unaweza kuchanika. Akishindwa kumeza hata mate, nenda hospitali mara moja.

Kama hawezi kupumua, kukohoa wala kutoa sauti, huko ni kukabwa kwa njia ya hewa. Mwinamishe mbele, mpige kwa nguvu mgongoni kati ya mabega mara tano. Isipotoka, na kama ana zaidi ya mwaka mmoja, simama nyuma yake, mkumbatie juu ya kitovu na ubane kwa kuvuta ndani na juu mara tano. Rudia huku mwingine akitafuta usafiri.

Kama amevimba uso, ametoka vipele mwili mzima, anapumua kwa kukoroma, anatapika mfululizo au amelegea baada ya kula, huo ni mzio mkali wa haraka. Mlaze, na kama anahema kwa shida mwache akae. Mkimbize hospitali na useme wazi: amekula hiki, amevimba. Tiba yake ni sindano ya adrenalini pajani, na dakika zina thamani. Usimnyweshe maziwa kama tunavyofanya kwa aliyekunywa sumu. Huenda maziwa ndiyo yaliyomfikisha hapo.

SAHANI YA LEO

Kwa mwanangu, omeprazoli haikutosha. Yalipoondolewa maziwa, safari hii kweli kweli, pamoja na mtindi, mambo yakaanza kubadilika. Baada ya miezi mitatu walirudi Mwanza, mpira ukapita tena, na seli zilikuwa zimepungua sana. Safari ilikuwa na gharama, na bado wanarudi kliniki. Si ugonjwa wa kupona na kusahau, ni wa kuishi nao kwa akili.

Bibi ndiye mlinzi wake mkuu siku hizi. Ana sufuria ya pembeni ambayo haijawahi kuguswa na maziwa, na mgeni akija na biskuti humuuliza kwanza zimetengenezwa na nini. Kimeo hakitaji tena.

Jumapili iliyopita tulikula pamoja kuku na ugali. Nilimtazama bila yeye kujua. Hakuwa wa kwanza kumaliza, lakini hakuwa wa mwisho, na kikombe chake cha maji kilikuwa bado kimejaa. Alinawa, akaniaga, akakimbilia nje kwa wenzake.

Leo jioni, mzazi, weka simu kando wakati wa chakula. Mtazame mwanao anavyomeza. Kama kuna kitu anakuambia kwa vitendo, msikilize kabla hujainua fimbo.